Nilifua Mkeka wa Bibi Siku Nne Kabla ya Mahari Yangu

Leo sina umbea wa staa aliyeachwa wala wa dada aliyenunuliwa gari na mtu asiyejulikana. Leo umbea ni wangu mwenyewe. Majina sitaji, maana wahusika wote wako hai, wana simu zenye bando, na mmoja wao ni mama mkwe wangu.

Mwenzenu mwaka jana nilitolewa mahari. Mimi naishi Dar, Sinza, lakini kwetu ni Ifakara, Lipangalala. Mchumba kwao ni Mahenge, ng'ambo ya Mto Kilombero. Kwa kuwa Kwaresima kwetu hakuna shughuli, wazee walikubaliana wageni waje Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Anayeijua Ifakara ameshaona tatizo liko wapi. Hiyo ni katikati ya masika. Bonde lote, kuanzia chini ya milima ya Udzungwa mpaka upande wa Mahenge, linakuwa limelowa kama tambara la kudekia. Chumvi ndani ya kopo inageuka tope. Sare ya shule ikifuliwa Ijumaa, Jumatatu mtoto anaivaa mbichi.

Nilifika Jumatatu jioni, mgongo umechoka na basi, tumeipita Mikumi, tumeipita Kidatu na miwa yake, Mang'ula, Kiberege, hatimaye nyumbani. Kichwani nilikuwa na picha moja tu: mimi nimekaa kwenye mkeka wa bibi, kitenge kipya, kichwa nimeinamisha kwa adabu, na wazee wanahesabu. Picha hiyo ilikuwa iende Instagram kabla hata hesabu haijaisha.

Huo mkeka lazima niueleze, maana nikisema mkeka wengine mtafikiria ile ya plastiki inayouzwa barabarani. Mkeka wa bibi ni wa ukindu. Aliusuka mama yake miaka ile Wachina wanajenga reli ya TAZARA, yaani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bibi hahesabu miaka kwa kalenda, anahesabu kwa matukio. Ukindu unavunwa majani yakiwa bado machanga, unachanwa vipande vyembamba vinavyoitwa chane, zinaanikwa, nyingine zinachemshwa na rangi. Baada ya hapo zinasukwa kuwa ukili, utepe mrefu wa upana wa kiganja hivi. Kili zinashonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka unatimia. Wa bibi ulikuwa na kili kumi na tano: nyekundu, zambarau, na nyeupe ile ya ukindu wenyewe.

Hautandikwi ovyo. Unatandikwa mtoto akitolewa nje mara ya kwanza, binti akitolewa mahari, na mtu akifa. Mama yangu alikaa juu yake siku yake. Mimi nililazwa juu yake nina siku arobaini. Siku nyingine zote unakaa umeviringishwa juu ya uchanja, kwenye jiko la kuni, pale moshi unapopita.

Kwa hiyo ulikuwa unanuka moshi, na pembeni ulikuwa na masizi. Mimi mtoto wa mjini nikaona masizi tu.

Bibi hakuwepo. Alikuwa amekwenda msibani Kiberege, angerudi Alhamisi. Mama akaniambia, "Mwache bibi yako arudi, mambo ya ule mkeka anayajua mwenyewe." Nikamjibu, "Mama, wageni wakae kwenye masizi?" Jumanne asubuhi nikauteremsha, nikaupakia kwenye bajaji, nikaupeleka sehemu moja wanakoosha magari na mazulia.

Kijana wa pale, kiukweli, alisita. Aliniuliza, "Dada, huu nao unaoshwaje?" Nikamwambia, "Kama zulia. Piga sabuni, piga presha." Akapiga. Nilisimama pale narekodi video. Maji yalitoka meusi, nikafurahi. Halafu yakaanza kutoka mekundu, na mimi bado nafurahi, eti uchafu ulikuwa mwingi.

Ule haukuwa uchafu jamani. Ile ilikuwa rangi.

Tukautundika kwenye waya. Nusu saa tu, mvua. Tukaukimbiza chini ya bati, tukautundika tena, mvua tena. Jumatano kutwa hivyo hivyo. Alhamisi saa sita nikasikia sauti ya bibi njiani anasalimiana na majirani. Hapo ndipo nilipofanya ujinga mkubwa kuliko wa presha: niliuviringisha ule mkeka ukiwa bado mbichi, nikautia kwenye nailoni kubwa la godoro, nikausukumia chini ya kitanda stoo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umenona. Mkeka wangu uko wapi?"

Yaani hata kukaa hajakaa. Alipita jikoni kuweka kuni zake, akaona uchanja mtupu.

Nikamwambia uko kwa fundi, anashona pindo lililofumuka. Bibi akaniangalia. Akasema, "Haya." Akaenda kuoga.

Ijumaa alfajiri niliingia stoo. Sijafika hata kitandani, harufu ikanipokea. Mnaijua ile harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni? Izidishe. Nilipoufungua, vidoa vyeusi vimetapakaa kama pilipili manga, na katikati kuna manyoya meupe yenye ukijani. Nyekundu imeingia kwenye nyeupe, zambarau imekuwa rangi ya maji ya ugoro. Kili zimevimba na kujikunja kila moja upande wake, nyuzi za kushonea zimeachia. Nilikaa chini nikalia kimyakimya, maana bibi alikuwa uani anafagia.

Mwenye akili hapo angekwenda uani akasema. Mimi nikaenda kuazima.

Kuna mama mmoja pale mjini, mtu mwenye heshima zake, nitamwita Mama Zulia. Mtoto wake wa kiume yuko Muscat, alimletea zulia la sufu lililofumwa kwa mkono, fundo moja baada ya jingine, jekundu la damu ya mzee lenye maua ya bluu iliyokolea. Sebuleni kwake ndilo linalosalimiwa kwanza. Nilimwamkia, nikamweleza nina ugeni. Alinitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, nakupa kwa sababu ya mama yako. Viatu nje. Na chakula kisiliwe juu yake." Tukalifunga kwa shuka, tukalibeba na bajaji kama mgonjwa.

Jumamosi ilikuja, na mvua ikatuonea huruma. Wageni walifika saa nne, wamevuka Daraja la Magufuli. Zamani huo ulikuwa mtihani wa kivuko, lakini tangu daraja lifunguliwe mwaka 2018 mgeni wa Mahenge hana kisingizio. Sebule ilipendeza, siwezi kusema uongo. Zulia linang'aa. Nimekaa juu yake, kichwa chini. Bibi alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, miguu ameikunja chini ya kiti, hakukanyaga hata ncha. Kila nikiinua macho nakutana naye. Hakuuliza kitu.

Mambo yakaenda. Barua, utani, mkaja wa mama, blanketi la babu ambaye hayupo tena lakini bado anadai. Wakakubaliana, vigelegele vikapigwa, chakula kikaletwa. Meza zilikuwa nje chini ya turubai. Lakini mjomba mmoja wa upande wa kiumeni, mtu mzima, akaona nje kuna nzi. Akaingia na sahani yake ya wali na bakuli la mchuzi wa kuku, akajikalia kwenye zulia kwa raha zake. Nani amwambie ainuke, siku ya mahari?

Simu yake ikaita. Akanyoosha mkono. Bakuli likaenda.

Mchuzi wenye mafuta. Wenye binzari. Kwenye zulia la Mama Zulia.

Dada zangu wawili walikuwa wameshafika na ndoo ya maji na ile sabuni ya unga. Nami nilikuwa nimeshainuka kuipokea ile ndoo. Ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa bibi yangu tangu nizaliwe:

"Acha maji!"

Sebule nzima ikatulia. Hata mjomba alishusha simu.

Bibi akapiga magoti pembeni ya zulia. Akaomba kijiko. Akaanza kukomba mchuzi kutoka ukingoni kuja katikati, taratibu, hakuruhusu utambae kwenda mbali. Akaomba kitambaa cheupe. Dada akaleta kanga, bibi akairudisha: "Nimesema cheupe, chenye rangi kitaongeza rangi." Tukakata shuka. Akagandamiza, akainua, akageuza upande msafi, akagandamiza tena. Dada mwingine akataka kusaidia, akaanza kusugua. Bibi akamshika mkono: "Usisugue. Ukisugua unauzamisha, na nyuzi zinasimama kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Gandamiza."

Mafuta tukayamwagia poda. Nyumbani kulikuwa na kichanga cha binamu yangu, kwa hiyo poda ya mtoto ilikuwepo. Tukaiacha inywe mafuta huku wageni wanaendelea kula, tukaipangusa kwa brashi laini, tukamwaga nyingine. Poda ya kwanza ilitoka ya njano kabisa.

Mpaka hapo tone la maji halijagusa zulia.

Sabuni ilipofika zamu yake, ile ya unga bibi aliikataa kwa sababu inachubua mikono. Mimi nilikuwa nimeshaanza kusoma kwenye simu, na nikakuta kwamba yuko sahihi kuliko alivyojua mwenyewe. Sabuni nyingi za unga za kufulia zina ukali wa magadi, na baadhi zimewekewa vimeng'enya vya kula madoa ya damu, maziwa na jasho, yaani madoa ya protini. Sasa sufu ni nini? Ni nywele za kondoo. Ni protini tupu. Sabuni haina macho ya kutofautisha doa na zulia. Nikamwambia bibi, kumbe sufu ni nywele. Akasema, "Basi leta cha kuoshea nywele." Tukachukua shampuu ya mtoto kijiko kimoja, maji kidogo ya baridi kwenye bakuli, tukapiga mpaka likajaa povu. Kwanza tukajaribu kwenye kona ya nyuma: kitambaa cheupe chenye unyevu, gandamiza, hesabu mpaka thelathini, angalia kama kimechukua rangi. Hakikuchukua. Ndipo tukachota povu peke yake, bila maji ya chini, tukalipaka kwa sponji, tukalifuta na kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakitoi tone, tukamaliza na kikavu. Mara nne hivyo. Maji ya moto bibi hakutaka kuyasikia, na ni kweli: joto pamoja na kusugua huifanya sufu ishikane na kusinyaa.

Mwishoni tuliweka vitambaa vikavu juu ya doa na vingine chini, tukalalia vitabu vya shule, tukageuzia feni. Usiku tukaviondoa, tukaliinua zulia juu ya viti viwili ili upepo upite chini. Sakafu ya saruji masika inatoa unyevu yenyewe, ukilaza kitu juu yake kinakauka uso tu na tumbo linaoza.

Wageni walishaondoka. Tumebaki mimi na bibi na lile feni linalia. Nikadhani nimepona.

"Sasa, mke mwenzangu," akasema, "kalete mkeka wangu. Huyo fundi wako nimeisikia harufu yake tangu Alhamisi."

Niliuleta. Sikusema neno, nilishindwa. Bibi hakupiga kelele, na bora angepiga. Aliutandaza barazani, akavuta taa karibu, akawa anapitisha kidole ukili mmoja mmoja, anahesabu. Alipomaliza akasema, "Minne imekufa. Miwili imebabuka rangi. Tisa itaishi." Kama daktari wa wodi.

Nikamwambia nisamehe bibi, nilitaka uwe msafi. Akaniuliza, "Ulikuwa mchafu?" Nikasema ulikuwa na masizi. Akasema, "Yale masizi ndiyo yaliyoufikisha kwako."

Nikauliza mbona ukindu wenyewe unasukwa ukiwa umeloweshwa, si nimemwona yeye mwenyewe akinyunyiza maji? Hapo ndipo alipocheka kidogo, mara ya kwanza siku hiyo. Akasema msusi ananyunyizia chane maji ili zilainike, zikubali kupinda bila kukatika. Zikishapinda na kukauka, zinashika umbo hilo. Ukizilowesha tena chapachapa, zinalainika tena, zinasahau zilivyofundishwa. Kila ukili unarudi kuwa majani.

Halafu akaniambia kitu ambacho kimekaa kifuani mpaka leo. Akasema, "Ungeniambia Alhamisi, ningeuokoa wote. Ulikuwa bado mbichi tu. Ukungu umekuja kwa sababu ya nailoni."

Kwa hiyo presha iliua rangi. Ukili minne iliuawa na uongo wangu.

Jumapili baada ya misa nilimrudishia Mama Zulia zulia lake. Doa lilikuwa limebaki, la njano hafifu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kando ya ua la bluu. Binzari ni rangi kamili, sufu inaipenda, haitoki yote. Dada yangu aliniambia nisiseme kitu, pale meza inakaa, hataona. Lakini nilikuwa nimeshajifunza bei ya kusukumia kitu chini ya kitanda. Nikapiga goti, nikamwonyesha kwa kidole. Nikamweleza na mjomba, na bakuli, na kila tulichofanya.

Mama Zulia aliinama, akalinusa lile zulia. Akaligusa kwa nyuma, kavu. Akakaa kimya kiasi cha mimi kusikia saa ya ukutani. Kisha akasema, "Chakula kisiliwe juu yake, nilisema?" Nikasema ulisema mama. Akasema, "Haya. Hiyo shampuu ni ya aina gani?" Hakunilipisha. Ila mpaka leo nikikutana naye sokoni, watu wote wakisikia, ananisalimia: "Habari za mchuzi?"

Niliporudi Dar hii kitu haikunitoka kichwani. Nikamtafuta kaka mmoja anayesafisha mazulia ya hoteli, nikamuuliza kwa nini tunaamini kitu hakijawa safi mpaka kilowe. Akaniambia, "Adui si maji. Adui ni muda ambao kitu kinakaa kimelowa." Kitu kikikaa na unyevu saa 24 hadi 48 hivi, ukungu unaweza kuanza kuota. Dar ya mwezi wa nne, Tanga, Zanzibar, Ifakara, kote huko hewa yenyewe ni mbichi. Zulia lako linahitaji siku ngapi kukauka? Ukijibu "siku tatu," umeshajibu.

Akanifundisha kwamba hata wao wa mashine wana njia za maji kidogo. Ya kwanza ni poda maalumu yenye unyevu kiduchu: inanyunyizwa, inachezeshwa kwa brashi laini ili ibebe uchafu, halafu inanyonywa na mashine ya vumbi. Ya pili ni dawa ambayo ikikauka inageuka chembe ngumu kama sukari, zimeufunga uchafu ndani yake, nazo zinanyonywa. Ya tatu ni pedi au kitambaa chenye unyevu kinachopangusa uso wa zulia tu. Lakini akasema kwa vitu vilivyofumwa kwa mkono yeye haweki brashi za kuzunguka hata kidogo, anatumia mikono. Na kabla ya njia yoyote, vumbi litoke kwanza. Uchafu mwingi wa zulia ni vumbi na mchanga mkavu. Ukiulowesha ukiwa bado humo, umeshatengeneza tope.

Alikuwa mkweli pia kuhusu kinachoshindikana. Njia ya maji kidogo inasafisha juu. Mtoto akikojoa likapenya mpaka chini, poda haitakusaidia. Zulia la sufu linaweza kuoshwa kwa maji, na mafundi wanaliosha, lakini ni mtu anayejua kupima rangi kwanza, mwenye sehemu ya kulilaza na kulikausha haraka. Siyo mimi na waya wa nguo.

Na nyie mnaojaza mazulia ya katani vyumbani ili picha zitoke vizuri, mnisikilize. Katani ni yetu, imekuwepo nchini tangu mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoileta Tanga, na mnajua inavyotengeneza kamba imara. Lakini zulia la katani halitaki maji kabisa. Hata maji masafi yakimwagika yanaweza kuacha duara la kahawia, na ukililowesha lote linaweza kusinyaa na kupinda. Vumbi lifyonze, kilichomwagika kigandamize kwa kitambaa kikavu haraka, basi.

Mkeka wa ukindu au wa milala, hivi ndivyo bibi anavyofanya, nimemwandika kama alivyosema. Fagia kwa kufuata ukili, usikate ukili kwa ufagio. Upindue, upige chini kwa kiganja, mchanga utoke. Palipo na uchafu, kitambaa kilichokamuliwa sana, pangusa, na kikavu kifuate hapo hapo. Uning'inize juu ya miti miwili, kivulini kwenye upepo. Jua kali linapausha rangi na kukausha chane mpaka zinavunjika. Usiukunje kama shuka, uviringishe. Usiulaze sakafuni. Na nailoni, akasema akiniangalia mimi, nailoni ni kwa ajili ya samaki.

Mwezi wa nane nilirudi Ifakara. Kiangazi, mpunga umeshavunwa, barabara vumbi tupu. Mkeka ulikuwa umerudi juu ya uchanja. Bibi alikata kili zilizooza akazichoma, kisha akapanguza ukungu wa nje, upepo ukimpa mgongo na kanga mdomoni. Zilizobaki akazishona upya. Sasa una kili tisa. Mtu mmoja anakaa vizuri, wawili wanabanana. Nilimwambia nitatafuta msusi aongeze sita mpya. Akakataa. Akasema binti atakayefuata atabanana, atauliza kwa nini, na mimi nitakuwepo wa kumjibu.

Zile mbili zilizobabuka rangi hakuzitupa. Alizikata vipande akazishona pamoja, zikawa kimkeka kidogo cha kukaa mtu mmoja, cha rangi isiyo na jina, siyo nyekundu siyo zambarau. Akanipa. "Hiki ni chako," akasema. "Jifunzie."

Kiko hapa Sinza, nimekiviringisha juu ya kabati. Mvua ikianza kunyesha Ifakara bibi ananipigia simu. Hanisalimii hata, anauliza kwanza: "Umekitoa kikapata upepo?" Nikisema ndiyo bibi, ananyamaza kidogo, kama ananusa.

Na picha ya mahari? Sikuipandisha. Nimekaa kwenye zulia la watu, na nyuma yangu mlangoni bibi ameikunja miguu yake chini ya kiti. Kila nikiitazama namwona yeye tu.

Haya, mimi nimeshajianika. Wewe ni kitu gani cha bibi au mama ulikiharibu kwa mapenzi, na ulisema, au kiko chini ya kitanda?